Bei ya Mwendo: Injini Kuukuu za Boti na Mafundi wa Gerezani

Ufundi wa kuichukua injini kuukuu ya boti, kuifungua hadi nati ya mwisho na kuiunda upya ili ikimbie kuliko kiwanda kilivyokusudia, umeota mizizi katika mito na maziwa ya Marekani, Australia na New Zealand, ambako watu hushindana kwa injini hizo mwaka hadi mwaka. Dar es Salaam ni nadra kuusikia ukitajwa, ijapokuwa karibu kila unachohitaji kimo katikati ya jiji. Anayevuka bonde la Jangwani kutoka Magomeni na kuingia Kariakoo, kisha akashuka hadi Gerezani, hukuta mitaa iliyojaa spea, vyuma chakavu, mashine za kukereza na mafundi wa kuchomelea alumini. Na akiendelea kwa miguu kuelekea bahari hufika Feri, penye soko la samaki la Magogoni, ambako boti za wavuvi huingia alfajiri zikiwa na injini zilizokwisha kufunguliwa na kufungwa tena mara nyingi. Makala haya yanachunguza ufundi huo wa mashindano kwa kuuweka kando ya ufundi uliopo hapa, na hoja yake ni kwamba fundi wa mashindano na fundi wa mvuvi wanafanya biashara ileile ya kubadilishana mwendo na uhai wa injini, ila mmoja ananunua kile ambacho mwenzake anakiuza.

Injini inayozungumzwa hapa ni ile ya kupachika, ambayo wavuvi huiita mashine tu, nayo hufungwa nje ya chombo kwenye tezi, yaani upande wa nyuma, kwa namna ambayo inaweza kung'olewa na kubebwa begani. Ina sehemu tatu: kichwa, chenye silinda, kabureta na plagi, mguu, unaopitisha shafti ndefu kuelekea chini, na kisanduku cha gia kilicho ndani ya maji, kinachozungusha pangaboi. Mtu anayetajwa zaidi katika historia yake ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1909 alianza kuuza injini ya namna hiyo mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, ingawa hakuwa wa kwanza kuibuni. Baadaye zikaja Johnson na Mercury za Marekani, British Seagull ya Uingereza, na mwaka 1960 Yamaha ya Japani, ambayo leo ndiyo jina linalosikika zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki na katika Ziwa Viktoria.

Kuna jambo moja la kustaajabisha kidogo kuhusu neno kuukuu. Katika nchi tajiri, sheria za kupunguza moshi zilizoanza kubana katika miaka ya 1990 na 2000 ziliziondoa sokoni injini rahisi za kabureta za mapigo mawili, na kampuni iliyorithi jina la Evinrude ikaacha kabisa kutengeneza injini za kupachika mwaka 2020. Kwa hiyo huko injini ya aina hiyo imekuwa kitu cha kumbukumbu, kinachotafutwa kwenye maghala na kung'arishwa na wastaafu. Afrika Mashariki injini ya muundo huohuo bado inauzwa mpya dukani, kwa sababu ni nyepesi, haina kompyuta na inatengenezeka ufukweni kwa spana chache. Kinachoitwa urithi wa kale huko Wisconsin, Feri ni chombo cha kazi cha leo asubuhi, na kwa sababu hiyo maarifa ambayo wapenzi wa mashindano huko wanayakusanya kwa shida kutoka kwenye vitabu vya zamani, hapa hayajawahi kukatika.

Injini ya mapigo mawili ni ile ambayo pistoni yake ikipanda mara moja na kushuka mara moja huwa imekwisha kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuubana, kuuwasha na kuutoa moshi wake, tofauti na injini ya mapigo manne, ambayo huhitaji kupanda na kushuka mara mbili ili ifanye kazi hiyohiyo. Haina vali za kichwani zinazofunguka na kufunga kama za gari. Pistoni yenyewe, inapopita, ndiyo inayofunua na kufunika matundu yaliyochongwa kwenye ukuta wa silinda. Mchanganyiko huingia kwanza chini, kwenye chumba cha krankishafti, ukipita kwenye vibati vyembamba viitwavyo ridi, vinavyofunguka kwa mvuto na kujifunga kwa msukumo, kisha pistoni inaposhuka huusukuma kupitia matundu ya pembeni hadi juu ya silinda, wakati tundu la moshi nalo likiwa wazi. Oili haina sampu yake, bali huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa 50, na katika injini za zamani zaidi sehemu moja kwa 25 au hata kwa 10. Udhaifu wa mpangilio huu ni kwamba kwa muda mfupi sana mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea iko wazi pamoja, na sehemu ya petroli safi hutoroka na moshi. Karibu ufundi wote wa kuharakisha injini hizi unazunguka huo muda mfupi.

Ili hoja isielee hewani, ni vema kuchukua injini moja inayofahamika, ile ya Yamaha ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 246, ambayo kipenyo cha silinda yake ni milimita 56 na mwendo wa pistoni ni milimita 50. Silinda hizohizo ziliuzwa kwa nguvu farasi 9.9 na kwa nguvu farasi 15, na tofauti iko zaidi katika njia za kuingizia hewa na kutolea moshi kuliko katika chuma chenyewe. Kwa maneno mengine, kiwanda chenyewe ndicho kilichokuwa cha kwanza kufundisha kwamba nguvu haimo kwenye ukubwa wa silinda pekee, bali imo kwenye jinsi silinda inavyopumua.

Mtu asiyejua hudhani kwamba kuongeza kipenyo ndiko kuongeza mwendo. Silinda iliyochakaa hupelekwa kwa fundi wa kukereza, ikapanuliwa kwa robo au nusu milimita, na pistoni kubwa kidogo ikatiwa ndani pamoja na ringi zake. Hiyo ni kazi ya kila siku katika karakana za mjini. Hesabu yake, hata hivyo, ni ya kukatisha tamaa kwa anayetafuta ushindi, kwa kuwa nusu milimita huipandisha injini ile kutoka 246 hadi karibu 251, ongezeko lisilofika asilimia mbili. Kinachopatikana kwa kupanua ni afya, maana mbano uliokuwa ukivuja pembeni mwa ringi unarudi, na injini inaanza tena kuvuta kama ilivyokuwa mpya. Fundi wa mashindano huanzia hapo alipomalizia fundi wa mvuvi.

Hatua inayofuata ni tupa. Tundu la kutolea moshi likichongwa kwa juu, hata kwa milimita moja tu, pistoni inaposhuka hulifunua mapema zaidi, moshi hupata muda mrefu wa kutoka, na injini inaweza kuzunguka kwa kasi ambayo awali ilikuwa ikijisonga yenyewe. Lakini tundu lililofunuliwa mapema hupoteza msukumo ambao bado ungeweza kuisukuma pistoni chini, na kwa hiyo nguvu ya chini, ile ya kuitoa boti iliyojaa samaki kwenye maji mafupi, hupungua. Milimita hiyo moja hairudi. Alumini na chuma vilivyoondolewa kwa tupa haviwezi kurudishwa kwa msasa, na ndiyo maana mafundi wazoefu huchora kwanza ramani ya matundu kwa kubandika karatasi ndani ya silinda na kuisugua kwa penseli, kisha huihesabu kwa nyuzi za mzunguko wa krankishafti kabla ya kugusa chochote. Matundu yasiyolingana kati ya silinda ya juu na ya chini ni kosa linalosikika: injini hutetemeka hata ikiwa haina mzigo, na pangaboi hulipa gharama.

Juu ya pistoni nako kuna hadithi yake. Injini nyingi za Johnson na Evinrude za kati ya karne iliyopita zilikuwa na pistoni yenye kinundu kichwani, kazi yake ikiwa kuelekeza mchanganyiko mpya upande wa juu ili usikimbilie moja kwa moja kwenye tundu la moshi lililo mkabala. Kinundu hicho ni kizito, hupata moto bila kulingana na upande wa pili, na hukifanya chumba cha mwako kuwa na umbo lisilopendeza. Mjerumani Adolf Schnürle katika miaka ya 1920 alionyesha njia nyingine, ya kuyapinda matundu ya pembeni ili mchanganyiko uzunguke wenyewe ndani ya silinda, na pistoni ikaweza kuwa bapa. Injini za mapigo mawili za Kijapani zinazotumika leo zinafuata njia hiyo, na hilo ndilo linalozifanya zikubali kuharakishwa kwa urahisi kuliko mababu zao wa Kimarekani.

Kisha kuna ekzosi, ambayo ndiyo sehemu yenye elimu nyingi zaidi na inayoeleweka na wachache. Tundu la moshi linapofunguka, wimbi la msukumo hukimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti. Likikuta bomba linapanuka hurudisha mvuto, na likikuta bomba linabana hurudisha msukumo. Bomba likiwa na urefu na umbo linalofaa, mvuto hufika kwanza na kusaidia kuvuta mchanganyiko mpya, halafu msukumo hufika baada ya sehemu chache za elfu za sekunde na kuirudisha ndani ile petroli iliyokuwa ikitoroka. Aliyeifanya elimu hii kuwa silaha ya mashindano ni Walter Kaaden, mhandisi wa pikipiki za MZ huko Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1950, na siri zake zikavuka kwenda Japani wakati mwendeshaji wake Ernst Degner alipotoroka mwaka 1961 na kujiunga na Suzuki. Injini ya boti, kwa kawaida, hutoa moshi wake chini ya maji kupitia mguuni, jambo linaloifanya iwe na sauti ya staha. Ya mashindano huutoa hewani kwa bomba lililopimwa, na kelele yake haifai kuletwa karibu na makazi ya watu.

Nguvu ikishapatikana juu inapaswa kufika kwenye maji, na hapa hesabu ni rahisi kiasi cha kufanyika kwenye karatasi ya kufungia vitumbua. Gia ya chini ikiwa na meno 13 kwa 27, krankishafti inayozunguka mara 5,500 kwa dakika hulizungusha pangaboi mara 2,648. Pangaboi hupimwa kwa hatua, yaani umbali ambao lingekwenda kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Lenye hatua ya inchi 10 lingesogea sentimita 25.4. Zidisho hilo linatoa kilomita 40 kwa saa, na kwa kuwa maji hayawi ubao, hupungua kwa kitu kama sehemu moja ya saba, au zaidi kama chombo ni kizito. Injini hiyohiyo ikizunguka mara 7,000, mwendo wa nadharia unafika kilomita 51. Fundi anaweza pia kuacha mzunguko ulivyo na kukunja kingo za pangaboi kwa nyundo ili zishike maji zaidi, kisha akalisawazisha kwa kulipitisha kwenye chuma chembamba na kulilaza juu ya makali mawili ya visu vilivyo sawa, akipunguza kwa tupa ule mkono unaoshuka daima. Kazi hii haihitaji umeme, na anayeifanya vizuri anaweza kuongeza mwendo kuliko aliyetumia wiki nzima ndani ya silinda.

Jambo la mwisho ni kimo. Kiwanda huweka bati la mguu, lile linalozuia hewa isinyonywe na pangaboi, likiwa sawa na upande wa chini wa boti. Mshindani huinua injini nzima kwa sentimita kadhaa ili mguu usizame sana, kwa sababu chuma kinachokokotwa majini ni breki. Lakini matundu ya kuingizia maji ya kupoozea yako kwenye mguu huo, na yakitoka majini, hata kwa muda wa kona moja, impela ya pampu inazunguka kavu, joto linapanda, na pistoni inashikana na silinda. Injini inanoki. Wanaoshindana huchonga matundu mapya chini zaidi, penye pua ya kisanduku cha gia, na hilo ni badiliko dogo ambalo hata mvuvi wa maji mafupi angeweza kuliiga, kama mchanga usingekuwa ukiingia humo.

Sasa bei. Nguvu inayoivuta fimbo ya pistoni wakati pistoni inapogeuka juu huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo kutoka mizunguko 5,500 hadi 7,000, ambalo ni ongezeko la asilimia 27, mzigo wa fimbo, beringi na pini hupanda kwa asilimia 62. Vyuma hivyo vilikusudiwa kudumu kwa miaka. Katika mashindano hutakiwa kudumu kwa dakika kumi, na fundi huvibadilisha kabla havijalalamika. Chumvi huongeza deni lake, kwani alumini inayokaa majini pamoja na boliti za chuma cha pua huliwa na kutu nyeupe, na ndiyo sababu injini zenye akili hupewa kipande cha zinki kiliwe badala yao, na zenye bahati husafishwa kwa maji baridi ndani ya pipa baada ya safari. Mvuvi anayekwenda Fungu Yasini usiku na kurudi alfajiri hana haja ya kilomita kumi za ziada kwa saa. Ana haja ya kurudi. Kwa hiyo fundi wake hupunguza mbano kidogo, huongeza oili, huacha ridi za chuma mahali pake, na huchagua pangaboi la hatua fupi, yaani hununua maisha kwa kuuza mwendo, kwa usahihi uleule wa mwenzake wa Wisconsin anayefanya kinyume. Anayeijua njia moja ya biashara hii anaijua na nyingine. Hoja ya kwamba mafundi wa hapa hawana elimu ya mashindano inapuuza kwamba wanaifanya kila wiki kwa upande wake wa pili.

Kinachokosekana, basi, ni mashindano yenyewe. Michezo ya vyombo katika pwani hii imebaki kuwa ya matanga, kuanzia ngalawa za Zanzibar hadi majahazi ya Lamu, na ni haki ibaki hivyo kwa fahari yake, kwa maana upepo haununuliwi. Kwingineko injini ilianzishiwa michezo mapema: chama cha Marekani cha mbio za boti za nguvu kiliundwa mwaka 1903 na shirikisho la kimataifa mwaka 1922, na mwaka 1958 Hubert Entrop, kwenye Ziwa Washington huko Seattle, aliendesha chombo chenye injini ya Mercury ya silinda sita kwa zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Lakini mfano unaofaa zaidi hauko huko juu. Mjini Renmark, kusini mwa Australia, vijana hushindana kwenye vijito vya Mto Murray kwa boti ndogo za alumini za kuvulia samaki, zenye injini za mapigo mawili zilizochongwa nyumbani. Na New Zealand, kwenye Mto Waikato, watu wazima na akili zao hushindana kwa Seagull, injini ambayo haikuwahi kuitwa ya kasi na mtu yeyote. Thamani ya michezo hiyo iko kwenye kanuni, kwa sababu kila mshindani amefungiwa ndani ya injini moja ya bei ya chini, na mwenye fedha nyingi hawezi kununua ushindi kwa kununua injini kubwa.

Ghuba ya Msasani, iliyokingwa na visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ingefaa kwa mbio za namna hiyo nje ya majira ya kusi kali, kwa boti za fiba zenye urefu sawa na injini ya silinda mbili ya ujazo uliotajwa. Michezo nchini husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya shirika la TASAC, kwa hiyo milango ya kubisha inajulikana. Jaketi la kuokolea, kofia ngumu, na kamba ya kuzimia injini inayofungwa kwenye mkono wa nahodha, ili akirushwa majini injini izimike yenyewe, ni mambo ambayo hayawezi kuachwa kwa hiari, maana boti tupu inayozunguka kwa nguvu zake zote hurudi palepale alipo mtu aliyeanguka.

Kanuni ngumu zaidi kuisimamia ingekuwa ya vipimo. Katika mbio za Marekani za injini zisizoruhusiwa kubadilishwa, mshindi hachukui kikombe na kwenda zake. Injini yake hufunguliwa mbele ya wakaguzi, silinda hupimwa kipenyo, kimo cha matundu hulinganishwa na cha kiwanda, kabureta huingizwa kijiti cha kupimia koo lake, na aliyezidisha hata kwa sehemu ya milimita hunyang'anywa ushindi hata kama alitangulia kwa urefu wa boti kumi. Dar es Salaam ingelazimika kuchagua kati ya daraja la namna hiyo na daraja huria linaloruhusu tupa, na pengine ingeanza na la pili, kwa kuwa spea za bandia zimeenea madukani kiasi kwamba pistoni mbili zenye namba moja ya kiwanda huweza kutofautiana kwa uzito hata kabla fundi hajazigusa. Kwa daraja huria ukaguzi ungebaki mfupi: kipenyo cha silinda, mwendo wa pistoni, na aina ya petroli iliyomo kwenye tangi. Vifaa vya kupimia viwili vya mwanzo vimo mikononi mwa kila mkerezaji wa Gerezani. Cha tatu kingehitaji maabara, na mwenye hila angeanzia hapo.